Risiva ya ami: taa zawaka, sauti hakuna

Ijumaa, baada ya alasiri

Mgonjwa ameshafika mezani. Ni risiva ya stirio (redio na amplifaya ndani ya sanduku moja) ya Kijapani ya miaka ya 1980, uso wa alumini, sindano ya stesheni inayokwenda kwa uzi, na uzito wa kumchosha mtoto wa tuktuk aliyeipandisha ngazi. Ami aliinunua kwa baharia zamani, akaiweka sebuleni kwake Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na tangu hapo haijatoka nyumba ile ila leo.

Kabla ya yote niligeuza nyuma nikasoma kibati. Kuna swichi ya kuchagua umeme, nayo imewekwa kwenye 240. Hapo moyo ukatulia. Redio nyingi zinazoshushwa hapa kwetu zimetoka Japani kwenye volti 100, au Marekani kwenye 120, na mwenye nazo akizichomeka kwenye soketi yetu ya 240 bila transfoma ya kushushia, moshi hutangulia kabla ya muziki. Mkanda wa FM nao unaanzia 88 mpaka 108. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe zilianzia 76 zikaishia 90, hata zikiwa nzima hapa Mombasa zinashika stesheni chache mno. Kwa hiyo hii ni ya kuuzwa nje, na umeme wetu unaifaa.

Malalamiko: taa zawaka, sindano ya nguvu ya stesheni yachezacheza ukizungusha, sauti hakuna. Spika zote mbili, FM, simu kwenye AUX, kaseti, kote kimya.

Nilimuuliza ami ilinyamaza ghafla au taratibu.

"Taratibu, mwanangu. Mwanzo ilikuwa yachelewa. Waiwasha, wenda kujitilia kahawa, ukirudi ndiyo yaanza kuimba. Kisha ikawa yachelewa zaidi. Tangu masika yaingie ndiyo imekataa kabisa."

Hayo nimeyaandika kwa wino mwekundu. Amplifaya iliyoungua haina tabia ya kuchelewa. Huungua siku moja, saa moja, mara nyingi na fyuzi juu yake. Kitu kinachochelewa leo dakika moja na kesho mbili, kisha kikafuata majira ya mvua, hicho kina habari nyingine.

Fundi wa kwanza kuiona alisema vipande vya pawa, yaani transista kubwa, vimekufa pande zote mbili, akataja bei ya kumfanya ami atafute kiti. Wa pili alikuwa mwepesi zaidi: alitaka kuunga kipande cha waya juu ya relei, ile swichi ya sumaku inayopitisha sauti kwenda kwenye spika, ili sauti itoke moja kwa moja. Ami akamwambia ahsante, akaifunga redio yake. Alifanya vizuri sana, na sababu nitaiandika nikifika kwenye relei.

Leo sifungui kitu. Nimepitia ya nje tu, maana redio ngapi zimefunguliwa bure kwa kosa la kitufe.

Spika kwanza. Betri ya saa ya ukutani, volti 1.5, waya mmoja kwenye kila mguu wa spika, unagusa na kuachia. Koni iliruka mbele ikatoa "puk" safi, kushoto na kulia. Mita inasoma om 6 na kidogo kwa kila moja, sawa na spika ya om 8. Ule mpira wa povu pembeni ya koni umeanza kumung'unyuka, lakini hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Halafu vitufe. TAPE MONITOR ikiwa imebonyezwa na nyuma hakuna deki ya kaseti, redio itanyamaza kimya cha kaburi, na mtu ataapa imeharibika. Hapa haikubonyezwa. Kichagua spika kiko kwenye A, na nyaya ziko kwenye A. Nyuma kuna vile vijichuma viwili vya umbo la U vinavyounga PRE OUT na MAIN IN, yaani sehemu ya mbele ya amplifaya na ile ya pawa. Kimoja kikichomoka au kikiota kutu upande mmoja unakufa. Vyote vipo, vimeshika, nimevichomoa nikavisugua nikavirudisha. Hedifoni nayo kimya, ila kwenye mashine hii njia ya hedifoni inapita baada ya relei, kwa hiyo kimya chake hakinisaidii kuamua lolote.

Mwisho nikaiwasha bila spika, nikazima feni, nikaweka sikio karibu na kifuniko. Risiva nzima ya aina hii hutoa "tak" ya relei sekunde chache baada ya kuwashwa. Nikangoja mpaka muadhini akaanza maghribi. Hapakuwa na tak.

Ijumaa usiku

Nimefungua. Plagi nje ya soketi, skurubu sita za ubavuni na nyuma, kifuniko kikatoka na harufu ya vumbi lililokaangwa. Ndani kuna maganda ya mayai ya mjusi, kinyesi cha mende, na ule ukungu mweupe wa chumvi kwenye kona za fremu. Nyumba ya Mji wa Kale, dirisha linatazama mlango wa bahari, upepo wa kusi unaingia mchana kutwa; chuma chochote kitakachokaa pale miaka thelathini kitaonyesha.

Kabla ya kugusa, kapasita mbili kubwa za pawa, vile vikopo vinavyotunza chaji ya umeme. Ni mikrofaradi 10,000 kila moja, na redio hii ikiwa kazini hukaa na volti 45 upande wa chanya na 45 upande wa hasi. Zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Wako wanaozimaliza kwa bisibisi, cheche inaruka, bisibisi inabaki na kovu, wao wanacheka. Mimi nina rezista ya om 100, wati 10, iliyofungwa kwenye nyaya mbili zenye klipu. Unashikisha, unahesabu polepole mpaka kumi, unapima kwa mita, unasogea kwenye ya pili.

Fyuzi zote nzima. Transista kubwa nne zilizofungwa kwenye mbavu za alumini nimezipima kwa alama ya dayodi zikiwa palepale: kila moja inasoma 0.5 na kitu upande mmoja, hakuna iliyoshika shoti. Huu si ushahidi wa mwisho, lakini "vipande vya pawa vimekufa pande zote mbili" imeshaanza kuwa hadithi.

Nimepiga picha bodi yote kwa simu, kila kona, kabla sijachomoa waya hata mmoja. Nikalala.

Jumamosi

Kuiwasha mara ya kwanza ikiwa wazi nimetumia balbu ya mfululizo. Ni balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60, imekaa kwenye njia ya waya wa moto kati ya soketi na redio. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Lazima iwe ya nyuzi, na siku hizi dukani utazitafuta sana, kwa hiyo ninazo mbili nazitunza kama mayai. Redio ikiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu na umeme wote unaishia hapo badala ya kuchoma transista. Redio ikiwa nzima, balbu inamulika mara moja kapasita zikijaa, kisha inafifia.

Ilimulika, ikafifia mpaka ukabaki uzi mwekundu tu.

Spika sijaunga. Mita kwenye milivolti, ncha nyeusi kwenye ardhi ya fremu, ncha nyekundu kwenye mlango wa kutokea wa amplifaya, upande wa kabla ya relei. Kushoto: milivolti 14. Kulia: 21. Chini ya 50 sina neno.

Namba hizo mbili ndizo muhimu kuliko zote katika kazi hii, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Amplifaya ya namna hii inasimama katikati ya chanya 45 na hasi 45, na ikiwa haiimbi mlango wake wa kutokea unatakiwa uwe karibu na sifuri. Transista moja kubwa ikishika shoti, mlango unavutwa upande mmoja, na volti 45 za mkondo mnyoofu zinaelekea kwenye spika. Koili ya spika ya ami ina om 6. Gawanya: ampea 7 na zaidi, zaidi ya wati 300 za joto tupu bila hata noti moja ya muziki. Koili inaungua kabla hujafika kwenye swichi, na wakati mwingine karatasi ya koni inashika moto. Relei imewekwa hapo katikati kama bawabu: inachungulia mlango, ikiona volti za mkondo mnyoofu haifungui, na ikiwa imeshafungua inafunga. Yule aliyetaka kuunga waya juu yake alitaka kumfukuza bawabu kwa sababu mlango haufunguki. Safari hii pengine muziki ungetoka, maana amplifaya ni nzima. Siku ambayo transista ingekufa, spika nazo zingekwenda, na labda pazia.

Sasa swali likawa: sauti inafika mpaka wapi? Nikaunga simu kwenye AUX, nikaweka wimbo wa taarabu wenye ngoma nzito, volyumu robo. Mita nikaigeuza kwenye volti za mkondo geu, ncha palepale kabla ya relei. Namba zikaanza kucheza na ngoma, 0.8, 1.3, 0.6, 1.5. Kushoto vilevile.

Muziki upo. Umefika mlangoni umekaa. Amplifaya zote mbili zinafanya kazi, pawa ni sawa, kichagua ni sawa. Relei haifungi midomo yake, vile vichuma vinavyotakiwa kugusana muziki upite, na hakuna sababu ya haki ya kutofunga.

Jumamosi, baada ya maghribi

Sasa sakiti ya ulinzi. Karibu na relei kuna aisii (kipande chenye sakiti nzima ndani yake) ndogo ya miguu 8 iliyosimama kwa safu moja, imeandikwa C1237. Hiyo ni µPC1237 ya NEC, na mwenye kutengeneza amplifaya za Kijapani za zama zile ataikuta tena na tena mpaka aizoee. Kazi yake ni hiyo tu: kuamua relei ifunge midomo yake au isifunge.

Mguu wa 1 unaangalia mkondo uliozidi. Wa 2 unaangalia volti za mkondo mnyoofu kwenye mlango wa amplifaya. Wa 4 unanusa kama umeme wa ukutani upo, ili ukizima redio relei iachie upesi kabla ya spika kupiga "dumu". Wa 5 ni ardhi, wa 8 ndio chakula chake. Wa 6 ndio mkono: ukiamua, unavuta koili ya relei kwenye ardhi. Na wa 7 ni wa kungoja. Hapo pana kapasita inayojazwa polepole kupitia rezista. Ikifika kiwango fulani, kidogo juu ya volti 1, aisii inasema haya, fungua mlango, na relei inagusisha midomo yake. Ndiyo maana risiva hungoja sekunde kadhaa ukiiwasha. Si uzee wala uvivu; inangoja volti za ndani zitulie ili spika isipate kishindo.

Nilianza na koili ya relei. Upande mmoja volti 42 (balbu inakula kidogo, ndiyo maana si 45), upande wa pili volti 42. Pande mbili sawa maana yake hakuna anayevuta. Mguu wa 6 nao 42. Aisii haijaamua.

Kwa nini? Mguu wa 1, karibu na sifuri, hakuna malalamiko ya mkondo. Wa 2, milivolti chache, hakuna malalamiko ya mlango. Wa 4 uko chini kidogo ya sifuri, kama unavyotakiwa umeme ukiwepo. Wa 8 una volti 3.3. Wa 7...

Wa 7 una volti 0.6. Nikazima, nikangoja, nikawasha nikiitazama mita. Ikapanda kutoka sifuri, 0.2, 0.4, 0.5, 0.59, ikasimama. Nikangoja. 0.6, basi. Haikusogea tena, wala haikufika ile volti 1 na kidogo ya kufungua.

Furaha yangu hapo mke wangu hakuielewa, na sikumlaumu.

Nilipotaka kuendelea, stima ikapotea mtaa mzima. Kapasita nikazimaliza kwa mwanga wa simu, nikafunika meza kwa shuka mjusi asirudi kudai nyumba yake.

Jumapili

Kapasita ya mguu wa 7 ni mikrofaradi 100. Fundi wengi wangeipa hukumu hapohapo: imevuja, badilisha, na mara nyingi wangepatia. Kapasita za elektroliti za umri huu huvuja. Nikaichomoa nikaipima nje: mikrofaradi 104, haivuji kitu cha kutajwa. Mguu mmoja, hata hivyo, ulikuwa na rangi ya kijani shingoni.

Basi nikapima mahali ilipokuwa. Nilichomoa pia mguu mmoja wa rezista ya kuchajia, ya kilo-om 100, ili isinidanganye. Kati ya matundu mawili ya kapasita, bila kapasita: kilo-om 22. Nikageuza ncha za mita, maana kama ni aisii inayovuja mara nyingi upande mmoja husoma tofauti na wa pili. Kilo-om 22 tena, pande zote mbili. Palepale penye bodi tupu, kuna kitu kinafanya kazi ya rezista ambayo hakuna mtu aliyeiweka.

Hesabu inakubali mpaka raha. Volti 3.3 za mguu wa 8 zinapita kwenye kilo-om 100, kisha kilo-om 22 mpaka ardhini. Katikati utapata 3.3 mara 22 gawanya kwa 122, yaani 0.595. Mita ilisema 0.6. Mkondo mdogo unaotakiwa kujaza kapasita ulikuwa unavujia pembeni, na kapasita haikuweza kujaa mpaka kiwango cha kufungua.

Nikasogeza taa na lenzi. Chini ya kapasita, na kuenea mpaka kwenye dayodi ya jirani, kuna gundi. Kiwandani walikuwa wakimimina gundi ya rangi ya maziwa kushikilia vipande visitikisike safarini. Ikiwa mpya haina madhara, haipitishi umeme. Miaka ikipita juu ya joto inageuka manjano, kisha kahawia, kisha inakuwa ngumu na yenye kumeguka kama sukari guru, na hapo tabia inabadilika: inavuta unyevu wa hewa, inaanza kupitisha umeme, na inakula shaba. Mguu wa dayodi ulikuwa umeliwa nusu, umeacha unga wa kijani juu ya bodi.

Hapo ndipo wino mwekundu wa Ijumaa uliposimama mahali pake. Gundi inapozidi kuwa kahawia uvujaji unaongezeka, kwa hiyo kujaa kunachelewa, mwezi huu zaidi ya mwezi uliopita. Hewa ikiwa kavu kidogo, ujoto wa ndani unaikausha gundi na redio inaimba baada ya kahawa. Masika yanaingia, gundi inakunywa unyevu, kilo-om zinashuka, na kiwango hakifikiwi tena. Aisii iko sawa, kapasita iko sawa, vipande vya pawa viko sawa. Ungebadilisha vyote hivyo ukaacha gundi, ungekuwa na redio ya bei ghali iliyo kimya.

Kuitoa ni kazi ya subira. Nimetumia spiriti, kijiti cha meno, na ncha ya kadi ya simu iliyokatwa. Kisu sikigusi, kinakwangua rangi ya bodi na njia za shaba zilizo chini yake. Unalowanisha, unaacha, unabandua kipande, unafuta kwa pamba, unalowanisha tena. Ilipong'ang'ania nilipitisha joto la chuma cha lehemu kwa mbali, ikalainika ikanuka vibaya sana. Dirisha wazi, feni nyuma ya mgongo. Chini yake shaba ilikuwa imeanza kuwa nyeusi mahali pawili. Nimeikwangua kidogo, nikaipaka lehemu mpya.

Mita baada ya kusafisha: namba zikapanda mpaka megaom, zikaendelea kupanda.

Nimeweka kapasita mpya ya 100 kwa volti 50, ya joto la nyuzi 105, ingawa ya zamani ilikuwa inapima vizuri, kwa sababu mguu uliokwisha kuota kijani haurudi nyuma. Dayodi mpya pia. Ushauri kwa anayenunua kapasita mjini: ipime kabla hujatoka dukani. Kuna zenye koti kubwa na maandishi makubwa, ndani kuna kapasita nyembamba ya theluthi ya kilichoandikwa.

Balbu ya mfululizo, swichi. Moja, mbili, tatu, nne...

Tak.

Mtoto wangu wa mwisho alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Baba, imevunjika?" Nikamwambia hapana, ndiyo imepona.

Niliunga spika za majaribio, zile nisizozionea huruma. Kulia, safi. Kushoto, sauti kama mtu anayeimba ndani ya debe lililofunikwa, mbali, na mikwaruzo. Nikaongeza volyumu, ghafla kushoto kukafunguka kukawa sawa na kulia. Nikapunguza, baada ya dakika mbili kukarudi ndani ya debe. Redio hii bado ina neno.

Jumatatu usiku

Huyo wa pili nilimjua kwa tabia kabla sijamwona kwa macho. Upande unaopotea kwa sauti ndogo na kurudi ukiongeza, ni midomo ya relei. Midomo hiyo inapoota utando mweusi, sauti ndogo haina nguvu ya kuupenya. Ukiongeza volti zinaupasua, muziki unapita, mpaka utando ushike tena. Relei hii imekaa miezi bila kufunga, kwenye hewa ya chumvi, hakuna cha kushangaa.

Nikafungua kifuniko chake cha plastiki. Midomo ya kulia ya kijivu, ya kushoto myeusi kama sufuria ya pilau ya harusi.

Inaweza kusafishwa: ukanda wa karatasi nyeupe ya kawaida uliolowa spiriti, unaupitisha katikati, unabana midomo kwa kidole, unauvuta taratibu, mpaka karatasi itoke bila weusi. Msasa haufai hata kidogo. Midomo ina ngozi nyembamba ya fedha, ukiitoa umeipa relei miezi michache tu ya kuishi. Nimefanya hivyo na sauti ya kushoto ikarudi kamili, lakini hilo halitoshi kwa redio ninayoirudisha kwa mzee atakayeiwasha kila siku. Nimeiagiza mpya: koili ya volti 24, jozi mbili za midomo, ampea 5 au zaidi, miguu inayolingana na matundu ya bodi. Na ukinzani wa koili ulingane, kama om 1,100, kwa sababu kuna rezista iliyo mfululizo nayo inayogawana zile volti 45; ukiweka koili ya om tofauti sana, ama relei itakuwa moto ama haitavuta.

Wakati ninangoja, nimepulizia dawa ya kusafishia kwenye volyumu na vichagua, nikavizungusha mpaka mikwaruzo ikaisha.

Jumatano

Relei imekuja, imeingia, imelehemiwa. Balbu ya mfululizo nimeitoa, redio iko kwenye soketi moja kwa moja. Volti za pawa 45 na 45. Mlangoni milivolti 15 na 19. Kwenye rezista za 0.22 za transista kubwa nasoma milivolti 5 hivi kila upande, yaani kama milampea 23 za kupumzikia baridi, na pande mbili zinalingana. Kuna trimu za kurekebisha hapo, na mkono uliwasha kuzigusa, nikaukalisha. Kilicholingana kiache.

Ikaimba tangu asubuhi mpaka isha kwenye spika za ami zenyewe. Mbavu za alumini zimepata joto la kuvumilika kwa kiganja. Nimeizima na kuiwasha asubuhi kukiwa na manyunyu na tena mchana jua kali: sekunde 4 na ushei kila mara. Hiyo ndiyo namba niliyoitaka, kwa sababu mikrofaradi 100 na kilo-om 100 kwa volti hizi zinatakiwa kutoa kama hizo. Uvujaji ungekuwepo, asubuhi na mchana zisingelingana.

Alhamisi

Ami amekuja kuitazama kabla haijafungwa. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye redio. Akaiwasha mwenyewe, akangoja, tak, ikaanza.

"Mbona yangoja? Si umeitengeneza?"

"Ndivyo ilivyotoka kiwandani, ami. Yapima kwanza ndiyo ifungue. Ukiiona yazidi sekunde tano, niite, usingoje mpaka inyamaze."

"Na yule aliyesema vipande vya pawa vyote vimekufa?"

"Havijafa. Ni gundi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Gundi! Na mimi nilikuwa nishauza saa yangu kwa moyo."

Tumekubaliana mambo ya sebuleni. Kile kitambaa cha kufuma kilichofunika matundu ya juu kinaondoka, bi mkubwa apende asipende, maana redio inapumulia hapo na joto ndilo lililoipika gundi. Itahama kutoka chini ya dirisha la bahari kwenda ukuta wa ndani. Na iwashwe hata kama hakuna anayesikiliza, angalau saa moja kila siku chache wakati wa mvua, ule ujoto wa ndani ufukuze unyevu. Spika B asiongeze kwenye amplifaya hii, mjukuu wake amemletea jozi ya om 4 na anataka zote zipige pamoja, nimemkatalia.

Bado kuna tone la gundi hiyo hiyo kwenye bodi ya besi na trebo, chini ya kapasita mbili. Bado ni la manjano, halijapitisha kitu, mita inasema halina neno. Nataka nilitoe kabla halijawa kahawia, na uzi wa sindano ya stesheni unateleza ukifika 100 na kidogo. Nimemwomba aniachie redio mpaka Jumamosi nimalize vyote viwili. Amesema anaichukua leo, na hivyo vyengine nitavifanyia kwake.

Bisibisi na kijiti cha meno nimeshavitia kwenye mkoba.